Nani Atatoa Nyuzi?

Leo nina jambo la mshono. Daktari akishamaliza kazi yake tumboni, ngozi lazima ifungwe. Inafungwa kwa kitu gani, na kitu hicho kitatolewa na nani, wapi, siku gani?

Operesheni yenyewe tunaizungumzia sana. Tunauliza kama damu ipo, kama gari la wagonjwa lina mafuta, kama daktari yuko zamu. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, tunamshukuru Mungu na kuhesabu kwamba yamekwisha. Lakini mwenye mshono anajua hayajaisha. Katika daftari lake, lile daftari la shule tunalolinunua dukani likawa faili letu la hospitali, imeandikwa arudi baada ya siku saba, au kumi, kutoa nyuzi.

Sasa mfikirie mama wa Lobule. Lobule ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Koboko, hapa kwetu West Nile nchini Uganda, na wengi walioko huko wametoka Kongo. Mama huyu uchungu ulimzidi, akapelekwa hospitali kubwa ya rufaa ya Arua, akafanyiwa operesheni, mtoto akatoka mzima. Amerudi nyumbani. Siku ya nane inafika. Ana kidonda tumboni, ana mtoto wa wiki moja mgongoni kwa dada yake, na ana safari. Tuna barabara ya lami inayotoka Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, kilomita 92, nayo imetuokoa mengi. Ila lami haifiki mlangoni kwa kila mtu. Kutoka nyumbani mpaka barabarani ni bodaboda juu ya mawe na mashimo, na kila shimo linapigia pale pale kwenye mshono. Halafu nauli, ya kwenda na ya kurudi, yake na ya anayemsindikiza.

Wako wanaoahirisha. Wiki inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Nailoni haiozi, inakaa. Ngozi inaanza kuimeza, vitundu vya nyuzi pande zote mbili vinapanuka, na kila kitundu ni mlango wa vijidudu. Na jirani mwenye wembe hakosekani. Anasema, lete nikutolee. Wembe huo jana ulikata kucha.

Kwa sababu hiyo nilipoanza kusoma juu ya pini za kushonea ngozi ambazo hazihitaji kutolewa, nilisoma kwa hamu kubwa. Nataka niwaeleze zinafanyaje kazi, maana ni jambo la kweli na lipo, kisha niwaambie kwa nini naona tusikae tukizisubiri.

Kifaa chenyewe kinashikwa mkononi na kubanwa kama stepla ya karatasi ofisini. Tofauti ni mahali pini inapokwenda. Pini ya chuma inapita juu ya ngozi, unaiona ikimetameta kwa nje, na siku yake ikifika inatolewa kwa koleo maalumu. Hii nyingine haionekani. Daktari au msaidizi wake anainua kingo mbili za jeraha kwa koleo ndogo, kifaa kinaingia katikati, na pini iliyopinda nusu duara inalazwa ndani ya ngozi, chini kidogo ya uso wake. Kingo zinakutana. Kwa nje hubaki mstari tu. Kimoja cha vifaa hivi, Insorb, kilibuniwa Minnesota huko Marekani.

Pini hiyo haina chuma. Imetengenezwa kwa asidi mbili zilizounganishwa kuwa mnyororo mrefu: asidi ya laktiki, ile ile iliyomo katika maziwa ya mgando, na asidi ya glaikoliki. Maji ya mwilini yanaukata mnyororo huo polepole, kipande kwa kipande, na vipande vyenyewe mwili unajua kuvitumia; mwisho wake ni maji na hewa tunayoitoa puani. Baada ya wiki mbili hivi pini imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Baada ya miezi kadhaa imekwisha. Mama wa Lobule asingekuwa na safari ya siku ya nane.

Mtu asidhani kushika ngozi kwa pini ni jambo geni lililoletwa na ndege. Ng'ambo ya Nile, katika nchi ya Bunyoro, mwaka 1879, Mwingereza aitwaye Robert Felkin, aliyekuwa amekuja na wamisionari na kusomea udaktari, aliandika kwamba alishuhudia operesheni ya uzazi mahali paitwapo Kahura. Mganga alikuwa Mnyoro. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi kupunguza maumivu. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo, akalisafisha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, ndipo akakata. Mtoto alitoka hai. Jeraha la tumbo likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikakazwa kwa kamba ya gome la mti, kisha likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa.

Ninachokipenda zaidi katika maandishi ya Felkin ni hesabu ya kutoa. Siku ya tatu ilitolewa pini moja. Siku ya tano, tatu. Siku ya sita, zilizobaki. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Msikilizaji, hebu ona: yule mganga hakutoa zote kwa pamoja. Naona alikuwa akiijaribu ngozi, akiangalia kama inashika. Na alikuwa karibu na mgonjwa wake siku zote hizo. Hakumpangia safari.

Mashine ilikuja baadaye. Mashine ya kwanza ya kushonea kwa pini ilitengenezwa Budapest mwaka 1908 na daktari Hümér Hültl, kwa kazi ya tumbo la chakula. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu, na kuiunganisha tu kulichukua kama saa mbili. Baadaye Wasovieti waliitengeneza upya, na mwaka 1958 daktari wa Marekani, Mark Ravitch, alipotembelea Kiev aliona kazi yao akarudi Marekani na kifaa kimoja. Kuanzia hapo pini za chuma zikaenea katika hospitali za matajiri kwa sababu moja kubwa: haraka. Mshono wa mkono unakula dakika, pini zinamaliza ngozi ya tumbo upesi mno.

Haraka hiyo ina bei yake. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 746 waliojifungua kwa operesheni. Nusu ngozi zao zilifungwa kwa pini za chuma, nusu kwa uzi unaoyeyuka uliopitishwa ndani ya ngozi kwa mkono. Waliopata matatizo ya kidonda kati ya wale wa pini za chuma walikuwa asilimia 10.6. Kati ya wale wa uzi unaoyeyuka, asilimia 4.9. Tatizo kubwa lilikuwa kidonda kuachia, kingo kufunguka. Kwa hiyo chuma kilishinda kwa saa ya ukutani, uzi ukashinda mwilini mwa mama. Pini inayoyeyuka ilibuniwa ili kupata vyote viwili, mwendo wa pini na upole wa uzi.

Hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri. Katika utafiti ule, kilichoshinda hakikuwa mashine. Kilikuwa sindano, uzi, na mkono wa mtu aliyefundishwa. Uzi unaoyeyuka si kitu kipya hata kidogo. Zamani ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo na wa ng'ombe, na karne hadi karne madaktari, Waarabu kwa Wazungu, waliutumia. Ule wa maabara, uliotengenezwa kwa asidi ya glaikoliki, uliingia sokoni mwaka 1970. Ni ndugu wa damu wa pini tunayoizungumzia. Ukiipima pini kwa kemia yake, ni karibu uzi ule ule uliokunjwa.

Na uzi huo haukosekani West Nile. Operesheni ya uzazi haiwezekani bila uzi unaoyeyuka, maana mfuko wa uzazi hauwezi kufungwa kwa nailoni ukaachwa. Maana yake katika chumba kile kile, mezani pale pale, daktari anafunga mfuko wa uzazi kwa uzi usiohitaji kutolewa, halafu akifika kwenye ngozi anachukua nailoni. Kwa nini?

Sababu zipo, na nyingine ni nzuri. Nailoni ni rahisi kwa bei. Ngozi haiikasirikii. Ikiwa kidonda kimeanza kujaa usaha, nesi anakata nyuzi mbili tu, usaha unatoka, zilizobaki zinaendelea kushika. Na mshono wa juu ni mwepesi kwa daktari kijana aliyeachwa peke yake usiku, na akina mama wengine wawili wanasubiri mlangoni. Kupitisha sindano ndani ya ngozi, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kutokeza nje, kunataka mazoezi na dakika zaidi. Hilo nalikubali kabisa.

Sababu nyingine si nzuri. Tangu mwaka 2001 matibabu katika wodi za kawaida za vituo vya serikali ya Uganda hayalipiwi, lakini sote tunajua kinachotokea bohari ikiwa tupu. Ndugu wa mgonjwa anapewa kikaratasi, anakimbia famasi ng'ambo ya barabara. Anaambiwa uzi huu bei hii, ule bei ile. Ana pesa kidogo, ana hofu kubwa. Ananunua ule wa bei ndogo. Hivyo uamuzi wa kwamba mama atasafiri siku ya nane au hatasafiri umefanywa dukani, na mtu ambaye hakuna aliyemweleza tofauti. Nauli ya bodaboda na gari, kwenda na kurudi, kwa watu wawili, haikuandikwa kwenye kikaratasi. Ingeandikwa, angeona kwamba uzi rahisi ndio ghali.

Ndiyo maana nasema tusikae tukisubiri pini. Kifaa kile kinatumika kwa mgonjwa mmoja kikatupwa, na bei yake ni ya hospitali za nchi zenye bima. Halafu kinahitaji mikono ya kuinua kingo za ngozi sawasawa. Pini ikikosea ikatokeza juu, inawasha, inaleta kidonda kidogo, na itabidi ichomolewe. Wakituletea wafadhili, tupokee tujaribu. Lakini hospitali iliyo na uzi unaoyeyuka na daktari aliyefundishwa mshono wa ndani ina tayari kile ambacho pini hiyo inakiahidi, isipokuwa zile dakika. Na dakika zile, ukiziweka mezani pamoja na siku nzima ya mama barabarani, mimi sioni cha kupima.

Kuna jambo la joto pia, ambalo wanaotunza bohari zetu wanalijua. Kitu kinachokatwa na maji ya mwilini kinakatwa pia na unyevu wa hewa. Ndiyo sababu nyuzi hizi na pini hizi hufungwa katika pakiti za foili. Pakiti iliyotobolewa, au iliyokaa kwenye kontena la bati jua la Januari linapowaka Koboko, si ya kuaminiwa; uzi unaweza kukatika kabla ngozi haijashika. Pakiti iangaliwe tarehe, ihifadhiwe penye baridi na pakavu, na ikifunguliwa itumike siku hiyo hiyo.

Na si kila kidonda ni cha kufungwa hivi. Jeraha la panga, mguu uliosagwa na bodaboda, tumbo lililojaa uchafu kwa sababu utumbo umetoboka kwa taifodi: hayo kuyafunga juu pakawa laini ni kuufungia usaha ndani. Mara nyingi daktari ataiacha ngozi wazi kwa siku kadhaa, akaisafisha, ndipo afunge. Goti na kiwiko, panapokunjwa kila wakati, panahitaji uzi wenye nguvu ya muda mrefu. Ndugu yangu ukimwona daktari ameacha kidonda wazi, usimlaumu kwamba amekosa uzi. Muulize, atakueleza.

Pini au uzi, hakuna kinachoweza kuokoa kidonda kilichofungwa kwa mikono michafu. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba, Rwanda jirani zetu wakiwemo, na wagonjwa zaidi ya 13,000 wa operesheni za tumbo. Jambo lililojaribiwa lilikuwa hili: kabla ya kufunga tumbo, timu nzima ivue glavu ilizotumia, ivae mpya, na ichukue vyombo visafi. Basi. Vidonda vilivyopata maambukizi vilishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Hesabu mwenyewe: katika kila watu 100, karibu watatu hawakupata usaha, kwa sababu ya jozi za glavu. Kama mkuu wa hospitali ana fedha kidogo na ananiuliza aanze wapi, nitamwambia aanze na glavu na vyombo vya kufungia, afuate uzi unaoyeyuka, na pini aiweke mwisho.

Tena aandike. Hapa nina fahari ya mkoa wetu, na sitaificha. Pale Kuluva, kilomita chache kusini ya Arua, ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams, walikuwa na tabia ya kuandika kila mgonjwa: jina, kijiji, ugonjwa, mwaka. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyekuwa akifuatilia uvimbe wa taya wa watoto, alisafiri mwaka 1961 na Ted Williams, wakazunguka Afrika ya Mashariki na Kati kwa gari kuukuu, hospitali hadi hospitali, wakiuliza nani ameuona uvimbe huu na wapi. Na vitabu vya Kuluva vikaja kuonyesha kwamba kesi za uvimbe huo West Nile zilikuwa zinakusanyika mahali fulani, miaka fulani. Ulimwengu wa sayansi ulijifunza kutoka kwenye daftari la hospitali ya kijijini kwetu.

Kama daftari liliweza hayo, haliwezi kutuambia ni vidonda vingapi vya operesheni vimeachia Arua mwaka huu? Vingapi vilifungwa kwa nailoni, vingapi kwa uzi wa ndani? Ni akina mama wangapi wa Koboko waliopangiwa kurudi na hawakurudi? Safu nne katika kitabu cha wodi zinatosha: kilichofungia ngozi, tarehe, kilichotokea, anakoishi. Baada ya mwaka mmoja hospitali yetu itajua yenyewe, bila kusubiri utafiti wa Marekani, ngozi za watu wetu zinapona vipi. Wapasuaji wanaokuja kwa kambi za wiki moja, wanaofanya kazi kubwa na njema kisha wanarudi Kampala, nao wangeacha nyuma maandishi hayo, maana wao ndio hawapo siku ya nyuzi inapofika.

Neno moja kwa waliorudi nyumbani na mshono, wa aina yoyote. Ngozi iliyokatwa, wiki moja baadaye, ina kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo. Inaonekana imefunga, lakini haijashika. Na chini yake kuna utando mgumu unaobeba tumbo lote, nao umeshonwa peke yake, unataka wiki nyingi. Kwa hiyo mama asibebe jerikeni, asishike jembe, asitwange. Baba, hiyo ni kazi yako kwa sasa, na dada zake, na jirani aliyekuwa tayari na wembe. Kidonda kikiwa chekundu na moto, kikitoa maji au harufu, homa ikipanda, usingoje tarehe iliyoandikwa. Nenda siku hiyo hiyo.

Na kabla hujatoka wodini, uliza maswali mawili. La kwanza: nimefungwa kwa uzi unaoyeyuka au unaotolewa? La pili: kama unatolewa, siku gani, na kituo gani kilicho karibu na nyumbani? Majibu yaandikwe kwenye daftari, kwa mwandiko unaosomeka, maana nesi wa Koboko hawezi kukisia alichokifanya daktari wa Arua. Nanyi wauguzi mnaonisikiliza, andikeni hata kama mgonjwa hakuuliza.

Maana kutoa nyuzi hakuhitaji daktari aliyepasua, wala hospitali ya rufaa. Nesi wa kituo cha afya cha daraja la tatu, mwenye mkasi msafi na koleo safi, anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja, na katika kituo cha serikali hutakiwi kulipa chochote.